Mrejesho: Yule kijana wa Ujiji aliyetaka kusomea nyota

Wakuu, mwaka juzi niliwauliza kama mtoto wa mvuvi anaweza kuishi kwa kusomea nyota. Wengi mlisema nichukue PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Mmoja akanishauri nikapige ramli (nimemsamehe).

Sasa nipo mwaka wa kwanza, shahada ya fizikia. Hisabati inanitoa jasho. Kumbe wanaastronomia wanashinda kwenye kompyuta wakiandika programu kuliko kuchungulia darubini!

Likizo hii nipo nyumbani. Juzi ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawakuingia ziwani, nikamwonyesha baba sayari ya Mshtarii (Jupiter) kwa darubini ya kuazima: miezi minne inayoizunguka, ile ile aliyoiona mwanaastronomia Galileo mwaka 1610. Mzee alichungulia kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na huko kuna ziwa?"