Noti za rifu ninazo, lakini nikipiga hakuna anayeutambua wimbo. Naomba ushauri

Rock_ya_Zamani:
Wakuu, habari zenu. Nina gitaa la umeme na amplifaya ndogo, najifunza mwenyewe. Napenda mno rifu (vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia) za rock ya miaka ya 60 hadi 80. "Smoke on the Water" ya Deep Purple naipiga bila kukosea freti (vyuma vya shingo ya gitaa), na "Back in Black" ya AC/DC kodi zake (noti kadhaa kwa pamoja) za E, D na A ninazo mkononi. Lakini nikipiga zinatoka vurugu tupu: nyuzi zinavuma zote, na nikiongeza distosheni (mkwaruzo wa sauti) ndiyo naharibu kabisa. Halafu vidole vyangu ni vifupi na vinauma. Shida ni vifaa, vidole, au kuna kitu sikijui?

MkonoWaKulia:
Mkuu, usinunue kitu. Kwanza punguza hiyo distosheni. Msikilize vizuri Malcolm Young, mpiga gitaa la AC/DC, kwenye "Back in Black" ya 1980: gitaa lake ni safi kuliko watu wanavyodhani, uzito unatoka mkononi. Weka amplifaya mahali ambapo ukigusa taratibu sauti inakuwa karibu safi, ukikaza mkono ndipo inakwaruza.

Sasa shida yako hasa, naamini ni kimya. Rifu ile inapiga E, inanyamaza, D mara tatu, inanyamaza, A mara tatu. Kama E bado inavuma D inapoingia, wimbo umeshapotea. Na kodi za E na A zina nyuzi zisizobanwa, kwa hiyo kulegeza vidole vya kushoto hakutoshi. Ubavu wa kiganja cha kulia lazima utue kwenye nyuzi, karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa), wakati uleule unapolegeza kushoto. Fanya zoezi hilo peke yake: piga E, kata. Piga, kata. Usiende kwenye D mpaka E ife pale unapotaka wewe.

Nyuzi_Tisa:
Naongezea swali. Hiyo ya Deep Purple unaipiga kwa pawakodi (zile kodi fupi nzito za rock) na piki (kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi)?

Rock_ya_Zamani:
Ndiyo, ndivyo nilivyoona kwenye video.

Nyuzi_Tisa:
Basi hapo ndipo inapopotea. Ritchie Blackmore, aliyepiga gitaa kwenye rekodi hiyo, anatumia noti mbili tu kwa pamoja, na anazidonoa kwa vidole, bila piki. Piki inagusa uzi mmoja kabla ya mwingine. Kidole gumba na cha shahada vikivuta pamoja, noti zote mbili zinatoka kwa mpigo mmoja, na sauti ile kavu unaipata palepale.

Njia rahisi ni uzi wa nne na wa tatu pamoja, ukihesabu kutoka uzi mwembamba: wazi (bila kubana), freti ya 3, ya 5, wazi, 3, 6, 5, wazi, 3, 5, 3, wazi. Kwa freti laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote mbili. Ufupi wa vidole hauna nafasi hapa.

Mzee wa Besi:
Kuhusu vidole, kijana wangu, usijisumbue. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatika ncha za vidole viwili kiwandani, tena vya mkono anaobania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, akaendelea. Nawe funga seti ya nyuzi nyembamba, inayoanzia namba 9, maumivu yatapungua.

Halafu metronomu, kifaa cha kugonga mapigo. "Back in Black" iko karibu na mapigo 94 kwa dakika, wewe anza 60. Ikikaa sawa, hamia kwenye rekodi yenyewe na usikilize dramu, usimfuate mpiga gitaa.

MkonoWaKulia:
Mzee, mimi ningemwambia aanze na rekodi mapema, hata kwa kuipunguza kasi. Metronomu haimfundishi mtu mpigo unavyokaa nyuma kidogo.

Mzee wa Besi:
Asiyeweza kukaa juu ya metronomu hawezi kukaa nyuma yake, atachelewa tu.

Rock_ya_Zamani:
Shukrani sana wakuu. Nimejaribu ya vidole na tofauti naisikia! Ila nikifika freti ya 3, uzi wa tano bado unavuma.

Nyuzi_Tisa:
Sogeza kidole ulicholaza kidogo kuelekea juu, ncha yake iuguse uzi wa tano bila kuubana. Uzi wa pili na wa kwanza zitazimwa na sehemu ya kidole inayobaki. Ukidonoa kuanzia uzi wa tano hadi wa kwanza, zitakazolia ni hizo mbili tu.