Nimeuziwa Datsun 240Z "iliyokarabatiwa" na gereji moja ya Dar. Chini ya rangi kuna puti na magazeti

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaandika kutoka Mbeya, tena kwa hasira ambayo wiki tatu za kunyamaza hazikuipoza.

Mwezi Machi nilinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972 kwenye gereji moja ya Dar es Salaam, ambayo kwa sasa sitaitaja kwa sababu huenda shauri hili likafika mahakamani. Nililipa shilingi milioni 46, fedha za parachichi za misimu miwili. Tangazo lao lilisema kwamba gari limekarabatiwa lote, injini ni ile ile liliyotoka nayo kiwandani, na bodi haina kutu. Walilipaka rangi nyekundu na boneti nyeusi, kama yale yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, na walijua vizuri walichokuwa wanakifanya, kwa maana mtu aliyekulia kwenye hadithi za baba yake kuhusu magari yale akiiona rangi hiyo hakagui tena, anatoa fedha. Fundi wangu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, aliomba twende wote tukalitazame. Nilimwambia hakuna haja. Kosa hilo ni langu.

Sitasema uongo kwamba sikulifurahia. Mlima wa Kitonga nilipanda nyuma ya lori la mafuta lililokuwa likijikokota, mshale wa joto umetulia katikati, na baada ya Makambako, barabara ilipofunguka, mngurumo wa silinda sita ulinitosha hadi Uyole. Jumapili iliyofuata nililipandisha barabara ya Chunya kabla ukungu haujaondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga viazi kando ya barabara aliacha kazi, akalizunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma, akaniuliza kama ni lile la mashindano.

Siku chache baadaye likaanza kutoa moshi mweusi. Kwa hilo siwalaumu: kabureta zake mbili zilirekebishwa Dar, usawa wa bahari, nasi huku tuko kwenye mita kama 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi kwenye mchanganyiko. Fundi alizipandisha kidogo nati za chini ya kabureta ili mafuta yapungue, akasafisha plagi, moshi ukakoma. Ninalitaja ili msije mkadhani natafuta sababu.

Kilichonitoa machozi ni jeki. Fundi aliiweka chini ya ukingo wa mlango ili alinyanyue gari atazame breki za nyuma, akapiga mara nne au tano. Gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyopanda, ikazama ndani ya bodi kwa sauti ya kashata inayovunjwa, na vumbi jekundu likamwagika sakafuni pamoja na mabonge ya puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, yenye unene wa kidole. Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaizungushia kitambaa, akaipitisha kwenye bodi, maana sumaku hunata kwenye bati, siyo kwenye puti: kwenye boneti ilinata, kwenye fenda ya nyuma ikaanguka, tukaokota, ikaanguka tena. Alipochokonoa pale kwa bisibisi, akavuta gazeti lililokunjwa na kushindiliwa ndani ya tundu. Upande mmoja lilikuwa limeloa rangi, upande wa pili tarehe inasomeka vizuri. Ni la mwaka jana. Kwa hiyo wasiniambie kwamba walilikuta hivyo kwa mwenye gari wa zamani, kwa kuwa mwaka jana wote lilikuwa kwao "likikarabatiwa".

Kwa wasiolifahamu, gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover ya zamani. Bodi ndiyo chesisi, na chini ya sakafu kuna reli mbili za bati zinazoishikilia. Za kwangu zimeoza, zikafunikwa kwa bati jepesi lililopigwa ribiti, halafu likapakwa lami nyeusi ili lionekane jipya. Kiti cha dereva kimefungwa kwenye sakafu hiyo, nami nilikikalia kutoka Dar hadi Mbeya!

Kuhusu injini sitarefusha. Kibati kilichomo chini ya boneti kinaonyesha sentimita za ujazo 2,393, lakini namba iliyogongwa kwenye bloku inaanza na L28, ambayo ni injini ya sentimita za ujazo 2,753 ya matoleo yaliyofuata. Ni injini nzuri, ila siyo waliyoitangaza.

Nilipowapigia simu niliulizwa, "Mzee, gari la mwaka 1972 ulitaka lisiwe na kutu?" Sikutaka hivyo, wao ndio walioandika kwamba haina. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na tangazo lao ninalo, limechapishwa. Sasa wananielekeza kwa dalali, naye dalali ananirudisha kwao.

Nimewaandikia barua nikiwapa siku 14, ama walifuate gari Mwanjelwa kwa gharama zao na kunirudishia fedha yangu yote, ama walipie reli, sakafu na kingo zote mbili. Leo ni siku ya kumi, hakuna jibu.

Gari liko juu ya magogo, limefunikwa turubai. Kama kuna mtu wa Iringa, Makambako au kwingineko mwenye gari la aina hii ambalo reli zake hazijaguswa, ninaomba anipimie upana na kina chake. Fundi anasema kukunja bati anaweza, lakini kwenye reli zangu hakuna kipande kizima kilichobaki cha kupimia.