Ati dizeli ni maji yenye harufu?! Huyu fundi wa geji ametoka sayari gani

Gurudumu_la_Nane (mwenye uzi)

Saa hii mikono inatetemeka kwa hasira, kwa hivyo msinisahihishe herufi.

Mnamjua. Ukitoka Nakuru ukielekea Salgaa hakuna mtu wa malori asiyemjua. Spana moja, maneno elfu. Jina sitaji, nisije nikalipa umaarufu bure.

THREDI TEPU. Ile nyeupe. Ya sinki! Ameizungusha kwenye adapta ya geji ya presha ya dizeli raundi kama tisa, ikafanana na kidole kilichokatwa na panga. Na ameifunga wapi? Ingekuwa kabla ya filta ningemeza mate ninyamaze, maana filta ingeshika uchafu. Ameifunga BAADA ya filta, kati ya filta na injekta pampu, pahali ambapo hakuna askari mwingine hadi kwenye nozo. Kipande chembamba kama unywele kikikatika hapo, kinaingia pampu, kinaenda nozo (midomo inayonyunyiza dizeli ndani ya injini), na kule ndani nafasi zinapimwa kwa maikroni, sehemu ya elfu ya milimita. Nozo sita zife kwa tepu ya bei ya chapati mbili.

Kuulizwa, jamaa anaangalia juu, anajikuna shingo, anasema: "Boss, kwani dizeli si maji yenye harufu?"

Maji. Yenye. Harufu.

Na hiyo ni baada ya geji kuwa inasoma bar 5 na injini imezimwa. Ufunguo umewashwa tu, lori limepaki, mshale umelala mwisho kabisa wa geji. Bar 5! Kwa lori lililolala! Jibu lake: "Hiyo ni injini yenye nguvu." Nguvu ya kutoka wapi, mbinguni?

Maji yenye harufu. Wallahi nitaandika hivyo kwa mlango wa kebini.

FidiPampu_Kibos

Pole, omera. Huo mshale kulala mwisho ni kazi ya ile ile tepu. Senda (kile kihisi kinachopima presha na kuipa geji habari) ya waya mmoja inapata athi, yaani njia ya umeme kurudi chasisi, kupitia thredi zake. Ukiivalisha bandeji raundi tisa, athi inapotea. Senda nyingi za kampuni ya VDO ni ohm 10 kwa presha sifuri na 180 kwa presha ya juu, kwa hivyo waya ukikosa athi geji inaona upinzani mkubwa mno na inapanda hadi mwisho. Hakikisha hivi: chukua kipande cha waya, gusisha mwili wa senda kwenye chasisi pahali palipokwanguliwa rangi. Mshale ukirudi sifuri, umemkamata.

Halafu, geji ya namba zipi kwa senda ya nani? Zile za Kimarekani ni ohm 240 kwa sifuri na 33 kwa juu, yaani kinyume. Ukichanganya, geji inashuka presha ikipanda.

Gurudumu_la_Nane

Nimegusisha waya. Imerudi sifuri. NIMEGUSISHA WAYA IMERUDI SIFURI. Injini yenye nguvu, ati.

Mama_Turbo

Sasa wewe Mheshimiwa Sinki, geji ni ya volti ngapi na lori ni la volti ngapi? Usinijibu, najua. Geji ya 12, lori la 24, na fundi ametoa umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili.

Gurudumu_la_Nane

...

Umejuaje.

Mama_Turbo

Wote hufanya hivyo. Betri ya chini inanyonywa, alteneta inaona jumla imepungua inaongeza chaji, betri ya juu inachemka. Baada ya miezi michache unanunua zote mbili na unalaumu muuzaji wa betri. Nunua geji na senda za 24, toa umeme kwenye waya unaowaka na ufunguo, tia fyuzi ya ampea 3, na pale waya unapopita ukuta wa kebini weka mpira wa tundu. Bila huo mpira bati litakata waya polepole kama msumeno.

KipandeChaMwaAliyekwenda

Mnamlaumu fundi na aliyempa kazi mnamwonea huruma. Mtu anatoka nyumbani na geji, anampa jamaa mwenye spana moja, anasimama kando anaangalia raundi ya kwanza ya tepu, ya pili, ya tatu... hadi tisa! Ulikuwa unahesabu ama unasali?

Gurudumu_la_Nane

Sikuwa hapo. Nilikuta imeshafungwa. Na hata ningekuwa hapo, nani angetarajia MAJI YENYE HARUFU?

Thredi27

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini raundi tisa? Fundi wa bomba mwenyewe hazungushi tisa. Hiyo ni dalili kwamba thredi hazikuwa ndugu. 1/8 NPT, thredi ya bomba ya Kimarekani, ina thredi 27 kwa inchi na pembe ya digrii 60. 1/8 BSP, ya Kiingereza, ina 28 na digrii 55. Ukiziweka mkononi ni pacha. Zinaingiana raundi mbili, tatu, halafu zinakaza, na fundi anashangilia kwamba imekaza vizuri. Kumbe zimekwama, hazijaziba. Ndipo tepu inaitwa kuja kufunika uongo. Na kuna M10x1, thredi ya milimita, nayo inajipenyeza humo humo, senda za Ulaya wanaipenda sana. Nunua geji ya thredi ya kupima, ile ya majani majani kama kisu cha kukunja, bei yake haifiki nusu ya nozo moja.

Na tuwe wa haki: tepu haiyeyuki kwenye dizeli. Tatizo lake ni vile vipande vinavyochanika ukikaza na ukifungua.

FidiPampu_Kibos

Kweli kabisa. Sasa ukirudia kazi, usikubali mtu atoboe bolti ya banjo (ile yenye tundu ndani, inayofunga bomba la dizeli) ili apate pa kufunga geji, ikiwa imefungwa kwenye gari. Nimeona hilo likisifiwa hapa na nikataka kulia. Vumbi la chuma ni baya kuliko tepu. Tafuta bolti iliyotengenezwa tayari, yenye tundu la 1/8 NPT kichwani. Pima ya zamani na vernia kwanza, nyingi ni M12x1.5 ama M14x1.5. Ukilazimika kutoboa, fanya kwenye jiriwa, kichwani tu, drili ya kama milimita 8.6. Shina la M12 likipanuliwa hivyo hubaki na ukuta chini ya milimita moja, litakatika ukikaza. Tapu (chuma cha kukatia thredi) ya NPT ni ya mshazari, usiizamishe yote. Osha kwa dizeli safi, pulizia hewa, osha tena.

Weka washa (pete) za shaba MPYA pande zote mbili za banjo. Za zamani zimeshalala, zitavuja, ama mbaya zaidi zitavuta hewa.

Kutoka kwenye bolti peleka hozi fupi ya dizeli hadi chasisi, senda ikae huko. Ikikaa juu ya injini mtetemo utaivunja shingo. Tia kivalvu cha sindano mwanzoni mwa hozi, ukifungue robo tu: mapigo ya fidi pampu (ile inayovuta dizeli kutoka tanki) hupiga senda kama nyundo, na kile kivalvu ndicho kinachoyatuliza. Ila kumbuka hozi ni mpira, senda imekosa athi tena, kwa hivyo waya wa athi uende peke yake kwenye chasisi.

Thredi za NPT zipake ile gamu ya Loctite ya kuziba thredi, acha thredi ya kwanza na ya pili kavu ili isiingie ndani. Ipe muda wa kukauka ulioandikwa kwenye chupa, usiwashe kwa pupa.

Kutoa hewa: fungua skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi povu liishe, ifunge ukiwa bado unapiga.

KipandeChaMwaAliyekwenda

Na dizeli isiletwe ndani ya kebini kwa geji ya bomba, jamani. Kuna malori ya miwa huko Muhoroni yana kibomba cha plastiki chenye dizeli juu ya magoti ya dereva, na dereva anavuta sigara.

Panda_Timboroa

Mimi sina shida na tepu. Yangu ni common rail (nozo zote zinalishwa na reli moja ya presha kubwa), nimefunga geji baada ya filta, inasoma sifuri na gari linapanda Timboroa bila kukohoa. Geji mbovu?

Thredi27

Geji nzima, pahali ndipo si pake. Hiyo injini fidi pampu yake iko ndani ya pampu kuu, inavuta kutoka tanki kupitia filta. Hapo hakuna presha, kuna mvuto. Unahitaji geji ya vakyumu, na ikiongezeka ujue filta imeziba ama hozi imejikunja. Na kama kuna mtu anafikiria kuifunga kwenye reli ili apate "presha ya kweli": huko ni zaidi ya bar 1,000. Mvujo wake huwezi kuuona na unapenya ngozi. Usiguse.

Mama_Turbo

Kwa zile za zamani zenye injekta pampu ya mstari (inline), kusoma ni rahisi. Nyingi ziko kati ya bar 1 na 2, namba kamili iko kwenye kitabu cha injini. Ikiwa sawa injini ikinguruma bila mzigo lakini inaporomoka ukipanda na mzigo, shuku filta kwanza. Iko chini wakati wote, shuku fidi pampu ama vali ya mafuta yanayorudi tanki. Mshale ukitetemeka kama una homa, kuna hewa inaingia upande wa kuvuta. Ukiwa na tundu kabla ya filta na lingine baada yake, hubahatishi tena: kabla juu, baada chini, filta. Zote chini, angalia nyuma hadi tanki.

Na geji ya bar 5 ni kubwa. Chukua ya bar 4. Ya bar 10 usiiguse, mshale hausogei.

Gurudumu_la_Nane

Asanteni. Lakini tusisahau alichosema. Dizeli ni maji...

Panda_Timboroa

Filta zenyewe ni zipi siku hizi? Nimekata moja na msumeno jana, karatasi ndani ina mikunjo michache kama feni ya harusi, gundi haijafika mwisho. Dizeli inapita kando tu. Sanduku linang'aa lakini.

MalabaFoleni

Filta ni kitu kidogo. Semeni kuhusu mafuta. Mwaka 2018 mafuta taa yaliwekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli, na bado kuna pahali ukijaza lori linalia kama mtoto. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa mafuta taa unaikausha. Na geji yenu ya presha haionji, itasoma vizuri pampu ikifa.

Mama_Turbo

Na maji! Kile kikombe cha chini cha separeta, inayotenga maji na dizeli, nani hapa anakifungua kila asubuhi? Mikono juu.

MalabaFoleni

Mimi. Ila skrubu yake imeliwa, inatiririka kidogo kidogo.

KipandeChaMwaAliyekwenda

Usithubutu kuifunga na tepu.

MalabaFoleni

Oringi yake ni saizi gani? Kwa separeta ya lori la Isuzu FRR. Kisumu nzima wananiambia njoo kesho.