Nimezoea kupanda milima kwa miguu. Kwa nini baiskeli inanishinda?

Mtembeaji: Ndugu zangu, kupanda mita 1,000 kwa siku kwa miguu hakunisumbui tena, na sasa nakusudia kuupanda Mont Ventoux, Ufaransa, kwa baiskeli nikitokea kijiji cha Bédoin. Njia hiyo ina kilomita 21 na ushei, na mwinuko wake wa wastani ni kama asilimia 7.5, ambao kwa mtembea kwa miguu si kitu. Hata hivyo, juzi kilima cha asilimia 9 kilinishinda, nikashuka na kuisukuma baiskeli. Je, tatizo ni mapafu, miguu au baiskeli yenyewe?

Gia Nyepesi: Nashuku gia. Anayetembea, mlima ukikaza, hufupisha hatua bila hata kufikiri, na akichoka husimama. Mwendesha baiskeli akipunguza mno mwendo huyumba na kuanguka, kwa hiyo njia yake ya kufupisha hatua ni gia. Ukienda kilomita 8 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 9, unapanda takriban mita 720 kwa saa, kasi ambayo watembeaji wengi hawaifikii. Gia yako ndogo ya mbele ikiwa na meno 34, tafuta ya nyuma yenye meno 34 vilevile, ili kila mzunguko wa kanyagio uzungushe gurudumu mara moja tu.

Mzee wa Kona: Naafiki, ila huo wastani usiuamini. Kilomita tano za mwanzo kutoka Bédoin ni za kubembeleza. Ukishaipita kona ya Saint-Estève unaingia msituni, na kutoka hapo hadi Chalet Reynard, mkahawa ulio kando ya barabara, mwinuko hukaa kwenye asilimia 9 au 10, pasipo mahali pa kuvuta pumzi. Mimi niliingia mle kwa mbwembwe, nikatoka nikitazama tairi la mbele tu. Kilomita sita za mwisho ni mawe meupe na upepo. Kwa mara ya kwanza, anzia mji mdogo wa Sault: ni kama kilomita 26, lakini mwinuko ni mpole hadi Chalet Reynard, ambako barabara hizo mbili hukutana. Beba koti la upepo, maana jasho la kupandia ndilo litakalokugandisha wakati wa kushuka, na ufunge breki kabla ya kona, si ndani yake.

Mtembeaji: Nimeshuka hadi stoo kuyahesabu meno: 39 mbele, 25 nyuma. Nitabadilisha gia, kisha nianzie Sault.