Mjadala: Google anataka kila mtengeneza apu ajisajili ndio APK yake (faili la kuinstolia apu) iingie kwenye simu yako, huu ni ulinzi au tunafungiwa?

MLETA MADA
Wakuu habari za muda huu. Kuna hili suala naona huku kwetu halijajadiliwa kabisa wakati wengi wetu ni watu wa Android, Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi, ngoja nilimwage hapa tulichambue.

Agosti 2025 Google walitangaza kwamba simu yoyote ya Android waliyoiidhinisha wao (yaani inayokuja na Playstore, ndio karibu zote za madukani) itagoma kuinstoli apu ambayo mwenyewe hajajisajili kwao na kuthibitisha yeye ni nani. Sio za Playstore tu, hata APK uliyoishusha kwenye tovuti ya mtu au uliyotumiwa Whatsapp na mshkaji. Developa anatoa jina halali, anuani, email, namba ya simu, anaweza kuombwa na kitambulisho cha serikali, na akaunti kamili inalipiwa dola 25. Halafu anasajili jina la kifurushi cha apu (package name, jina la ndani linaloitambulisha) pamoja na alama ya ufunguo anaosainia (saini ya kidijitali ya kuonyesha apu ni yake). Ratiba yao ni Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha 2027 na kuendelea dunia nzima, na sisi tumo.

Sababu yao ni utapeli. Wanasema kwenye apu zinazoshushwa nje nje mtandaoni walikuta virusi zaidi ya mara 50 kuliko za Playstore.

Msimamo wangu: sipingi kuonywa. Nionye mara tatu, niwekee skrini nyekundu, niulize una uhakika, sawa. Ila neno la mwisho liwe la mwenye simu, hela nimetoa mimi. Leo wanataka kitambulisho, kesho serikali fulani inawaambia mfutieni usajili yule jamaa apu yake hatuitaki, utapitia wapi, maana APK ndio ilikuwa mlango wa uani. Karibuni.

FUNDI WA KARIAKOO
Mkuu unaongea kama mtu ambaye haletewi simu za watu. Sisi tunaona. Kuna faili limeandikwa MAJINA_WALIOITWA_USAILI halafu mwisho .apk, ikoni yake ya PDF kabisa, dogo anatafuta ajira anagusa, simu inamwambia ruhusu kutoka chanzo hiki, anaruhusu, linafunguka linaonyesha kiduara kinazunguka "subiri", huku linaomba ruhusa ya kusoma meseji, halafu linampeleka kwenye setingi za ufikivu (accessibility, zile za kuwasaidia wenye ulemavu) linamwambia washa hapa ndio uone jina lako. Akiwasha tu imekwisha, hiyo apu inasoma skrini, inabonyeza yenyewe, OTP (namba ya siri ya mara moja) ikiingia inaisoma kabla yake. Anakuja kwangu anasema simu imekuwa nzito, kuangalia salio la kwenye laini halipo. Sasa huyo nimwambie neno la mwisho lilikuwa lako?

MLETA MADA
Fundi hapo umegonga penyewe sina ubishi. Ila angalia, kilichomwumiza dogo ni zile ruhusa mbili, meseji na ufikivu, jina la aliyetengeneza hata lingekuwepo lisingemsaidia.

MDAU WA BENKI
Lingemsaidia sana tu. Mimi nashughulika na malalamiko ya wateja, naunga mkono Google kwa asilimia mia. Tapeli wa leo anatengeneza apu asubuhi, ikishtukiwa jioni anabadilisha jina na ufunguo anaanza upya, haimgharimu hata mia. Ukimlazimisha kitambulisho kila akifungiwa, biashara inakuwa ngumu. Hatutamaliza wizi ila tutaupunguza. Mbona laini za simu tulisajili kwa alama za vidole na maisha yanaendelea?

DEVELOPA WA MWANZA
Umetoa mfano wa laini za simu wakati wote tunaletewa kila siku zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na zinatoka kwenye laini zilizosajiliwa kwa vidole 😂. Tapeli hatumii jina lake mkuu. Akaunti za developa zenyewe zinauzwa mtandaoni, anayeumia na fomu ni anayejaza ukweli.

Mimi nina apu ya kuwekea hesabu za vikoba, hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini za waliochelewa. Kina mama wanarushiana wenyewe kwenye grupu, sijawahi kuipeleka Playstore kwa sababu kila wiki naibadilisha wakilalamika. Sasa nikitaka kuendelea nisajili jina na anuani ya nyumbani kwa kampuni ya Marekani, nitafute kadi inayokubali kulipa dola. Ipo akaunti ya bure kwa wanafunzi na wanaojifunza lakini ina ukomo wa idadi ya simu, na kikoba kikivuma mtaani hicho ukomo unafika hujajua. Dola 25 nitazipata, kinachonikera ni kuomba ruhusa ya kumpa mama Asha faili niliyoandika mwenyewe na yeye ndiye aliyeniomba.

MSOMAJI WA ELDORET
Wasee, hapa Kenya tuliingizwa kwa ile majaribio ya Play Protect (kinga ya Google ndani ya simu), walianza nayo Singapore 2024 kisha wakaleta Kenya, Nigeria, South Africa, India na kwingine. Ile haiulizi developa ni nani. Ikiona APK umetoa kwa browser ama kwa meseji na hiyo APK inataka kusoma SMS, kusoma notifikesheni ama ufikivu, inakataa papo hapo. Hiyo ndiyo ingemshika mwizi wa fundi. Na tangu Android 13 apu imetoka nje ilikuwa inawekewa kizuizi isipate ufikivu kirahisi. Kwa hivyo dawa iko tayari, inaangalia tabia ya apu. Mbona sasa waruke hadi kwa ID ya mtu?

Na msinidanganye ati aliyesajiliwa ni mzuri. Hizi apu za mikopo zilizokuwa zinapigia boss wako na mama mkwe zilikuwa Playstore, na developa wanajulikana, mpaka ofisi ya kulinda data hapa ikapiga kampuni moja faini ya shilingi milioni 5 za Kenya mwaka 2023 juu ya hiyo maneno.

MDAU WA BENKI
Sawa lakini mlijua pa kuipiga faini kwa sababu ilikuwa inajulikana. Kausha damu (mkopeshaji wa riba za kuumiza) asiye na jina utampeleka wapi? BoT (Benki Kuu ya Tanzania) mwishoni mwa 2024 walitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Ukishayatoa Playstore yanahamia kwenye APK, ndio hapo tunapokwama.

MLETA MADA
Hiyo hoja ina uzito nakubali. Ila dawa ya wakopeshaji wasio na leseni ni BoT na polisi, huwezi kumbebesha mtengeneza apu wa vikoba Mwanza.

Halafu kuna watu wa F-Droid, duka la apu huria limekuwepo tangu 2010. Wao mara nyingi wanachukua msimbo (code) wa mwandishi, wanaijenga apu wenyewe na kuisaini kwa ufunguo wao ili mtu ahakikishe anachoinstoli ndicho kilichoandikwa. Sasa sheria ya Google inataka jina la kifurushi lifungwe kwa mtu aliyejisajili na ufunguo wake. Mwandishi akijisajili, ya F-Droid inakuwa ya nani? F-Droid wakijisajilia apu za watu wanakuwa wamewanyang'anya. Septemba 2025 walisema wazi hii ikipita mradi wao umekwisha. Na hao ndio wasafi kuliko wote, hawana matangazo wala kufuatilia mtu.

KIJANA WA XENDER
Mimi sijaelewa, kwa hiyo tusirushiane tena apu kwa Xender? Bando zenyewe hizi, mtu akushushie mb 100 wakati jirani anayo?

MLETA MADA
Utarusha tu mkuu. Apu iliyotoka Playstore inabaki na saini ileile hata ukiirusha, mwenyewe akiwa amesajiliwa inapita. Wenye shida ni wa GB Whatsapp (Whatsapp iliyochezewa, isiyo rasmi) na wenzake.

KIJANA WA XENDER
Hapo sasa ndio mmeniudhi

MBONGO DUBAI
Mnaongelea utapeli tu, mimi niongelee kuongea na nyumbani. Huku simu za Whatsapp hazipiti, kila mtu ana ujanja wake na ujanja mwingi ni APK ambayo dukani haipo. Na nyinyi huko TCRA (mamlaka ya mawasiliano) Oktoba 2023 waliwaambia watumiaji wa VPN (apu za kupita penye vizuizi mtandaoni) wajisajili, 2025 X ikazimwa. Sasa fikiria mtengeneza VPN jina lake halali na anuani viko kwenye faili la kampuni moja, barua ya serikali moja tu inatosha.

MDAU WA BENKI
Mbona Apple miaka yote amefunga na hamkulalamika, mnanunua aifoni kwa mkopo na kujipiga picha kwenye kioo.

MLETA MADA
Aliyenunua aifoni alijua anaingia wapi, sisi Android tulichukua kwa sababu ipo wazi. Na cha kuchekesha Apple kabanwa na Umoja wa Ulaya mpaka Machi 2024 kwenye iOS 17.4 akaruhusu maduka mengine, wakati huo kwa wa Ulaya tu lakini. Yaani mmoja anafunguliwa kwa nguvu, mwingine anajifunga mwenyewe.

Nimalizie kuwatendea haki. Baada ya kelele, Novemba 2025 Google walisema wataweka njia ya wazoefu, ukubali hatari uinstoli hata isiyosajiliwa, yenye maonyo mengi ili tapeli aliyekushikilia kwenye simu asikuharakishe. Hicho ndicho ninachotaka! Wasiifukie kwenye setingi ndani huko mpaka aipate injinia peke yake. Na adb imebaki, ukichomeka waya kwenye kompyuta unainstoli chochote.

DEVELOPA WA MWANZA
adb kwa mama wa kikoba 😂😂

FUNDI WA KARIAKOO
Nyie chekeni, sisi hiyo ni biashara. Zamani tulichukua hela ya kuflashi, sasa tutachukua ya kuchomeka waya. Mama alete simu na faili lake la kikoba, buku mbili, dakika moja.

MDAU WA BENKI
Na yule dogo wa majina ya usaili akija na faili lake utamwekea?

FUNDI WA KARIAKOO
Nafungua naangalia inaomba nini. Ikitaka meseji na ufikivu naifuta mbele yake. Buku mbili ananiachia vilevile.