Naanza Kifaransa: matamshi, le na la, vitenzi, namba... naombeni mwongozo

MgeniWaLugha
Wakuu habari zenu. Nimeanza kujifunza Kifaransa mwenyewe kwa simu, kusoma kidogo kidogo naelewa ila mtu akiongea sishiki kitu. Kwanza kwa nini herufi zinaandikwa afu hazitamkwi? Beaucoup ile p haisikiki, na parle, parles, parlent naambiwa zote zinatamkwa sawa, sasa nitajuaje anayesemwa ni nani? Pili hii le na la, meza ya kike kitabu cha kiume, nani kaamua, kuna kanuni au nimeze tu? Tatu, ni lazima nikariri majedwali yote ya vitenzi ndo nianze kuongea? Na namba, mpaka 69 sina shida, 70 ndo nimekwama. Naitaka sana hii lugha, mwenye uzoefu anisaidie.

SikioKwanza
Karibu mkuu. Anza na sikio, mengine yatafuata. Zile konsonanti za mwisho zamani zilikuwa zinatamkwa, karne zikapita watu wakaziacha mdomoni lakini maandishi yakabaki nazo, kwa hiyo usisome herufi kwa herufi kama Kiswahili. Kawaida konsonanti ya mwisho inanyamaza, isipokuwa c, r, f na l mara nyingi zinasikika: avec, mer, neuf, sel. Ila vitenzi vya -er kama parler, hapo r haitamkwi.

Kinachowapoteza wengi kwenye kusikiliza ni liaison, yani neno kuungana na linalofuata. Les ikiwa peke yake s haisikiki, ukisema les amis inatoka "lezami", ile s imerudi kama z kwa sababu neno linalofuata limeanza na vokali. Asiyejua hili anaanza kutafuta "zami" kwenye kamusi na hataipata. Na hapo ndo jibu la swali lako la nani anasemwa: kwetu nafsi iko ndani ya kitenzi, anaongea, wanaongea, ila Kifaransa lazima utaje je (mimi), tu (wewe), il (yeye) mbele, sikio lako liende huko mbele. Il parle na ils parlent kwa kweli hazitofautiani, utajua kwa mazungumzo yenyewe, lakini il arrive na ils arrivent ile z inakuonyesha kuwa ni wengi.

Sauti ngeni: u ya tu, mdomo uubane kama unasema "u" huku ulimi unasema "i". Ifanyie mazoezi sana maana dessus ni juu na dessous ni chini, ukichanganya umesema kinyume. R wala isikutishe, chukua gh ya ghafla na ghali, uko karibu kabisa. Za puani vin, vent, vont, hewa ipite puani na ile n yenyewe usiitamke.

BintiSarufi
Mi nijibu le na la. Ndugu yangu wewe umekulia kwenye ngeli, unasema kitabu kile kizuri kimepotea bila hata kuwaza, kila neno linafuata ki-. Kifaransa makundi ni mawili tu! Hakuna aliyekaa akaamua, mengi yametokana na Kilatini ambacho kilikuwa na jinsia tatu, ile ya tatu kwa sehemu kubwa ikamezwa na ya kiume. Kwa hiyo usitafute uke kwenye meza.

Angalia mwisho wa neno, unasaidia sana. -tion na -sion karibu zote ni za kike, -té nyingi za kike (liberté, santé, ila été ni ya kiume), -ment za kiume, -age za kiume kama voyage na fromage lakini page, plage na image ni za kike. -eau za kiume, bureau, bateau, ila eau na peau za kike. Na daftarini usiandike "table", andika "une table". Tumia un na une kuliko le na la, maana mbele ya vokali zote mbili zinageuka l', sasa ukiandika l'école umejuaje ni ya kike au ya kiume?

VitenziTaratibu
Majedwali yote? Hapana aisee. Shika être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya) vizuri kabisa, hizo kariri kweli maana hazifuati utaratibu, kisha vile vya -er ambavyo ndo vingi kupita vyote. Ukiwa na aller tayari una wakati ujao, je vais manger. Ukiwa na avoir una uliopita, j'ai mangé, japo aller, venir, partir na wenzake wachache wanataka être, je suis parti. Na kwenye maongezi watu wanasema on parle badala ya nous parlons (tunaongea), tena ile ne ya kukanusha inadondoka, je sais pas (sijui), kwa hiyo usishangae ukisikia.

Namba: 70 ni soixante-dix, 60 na 10, 71 soixante et onze, 80 quatre-vingts yani 20 mara nne, 90 quatre-vingt-dix. Ubelgiji, Uswisi na Kongo ya Kinshasa wanasema septante na nonante, rahisi zaidi, ila za Ufaransa zizoee maana namba za simu kule zinasomwa mbili mbili, ukisikia quatre-vingt bado hujui ni 80 au 97 mpaka amalizie.

MgeniWaLugha
Asanteni sana aisee, hiyo ya gh imenifungua. Moja la mwisho, tu na vous zote naambiwa ni "wewe", naamuaje?

BintiSarufi
Usiyemjua, mkubwa wako, mtu wa ofisini, vous. Rafiki, ndugu, mtoto, tu. Ukiwa na mashaka anza na vous, mwenyewe akitaka atakwambia on peut se tutoyer, yani tunaweza kuitana "tu", hapo ndo uhamie kwenye "tu". Na wakiwa wengi ni vous hata kama wote ni rafiki zako.