Msaada: kaka kavunjika paja vipande vipande, wapasue lote au wapitishe chuma?

Kidato: Wakuu, nimekwama. Daktari anasema hawatafungua paja. Watapasua kidogo karibu na nyonga, wapitishe chuma ndani ya mfupa huku wakiangalia kwa eksirei, kisha wakikaze kwa skrubu juu na chini. Mimi naona wafungue, wapange vipande kwa macho.

Mzee_Nahodha: Pole sana. Mimi enzi zangu nilivutwa mguu kwa mawe wiki na wiki, goti likagoma kukunja mpaka leo. Chuma ningekipata wapi!

BintiSele: Vijana na pikipiki, mkiambiwa mnanuna.

Tibamfupa: Mpasuaji Mjerumani Gerhard Küntscher alipitisha chuma hivyo tangu mwaka 1939, skrubu za kuzuia mguu usifupike wala kuzunguka zilikuja baadaye. Ukilifungua paja lote unavichuna vipande kwenye nyama inayovilisha damu. Muhimu ni urefu, mnyooko na mguu usikae umezunguka. Vipande vya katikati vitaungana vyenyewe. Je, kuna kidonda?

Kidato: Kidogo tu.

Tibamfupa: Mfupa ulitokeza?

Kidato: Ulichungulia ukarudi. Tumefunga bandeji. Baba kasaini tumemtoa wodini, tunatafuta anayefungua. Si uzembe, kila mtu ana haki ya kuuliza daktari wa pili.

Tibamfupa: Haki unayo, ila mgonjwa angebaki kitandani! Mfupa ukitoboa ngozi ni dharura: antibiotiki ya mshipa mapema, kidonda kioshwe chumba cha upasuaji. Kikishasafishwa, mara nyingi chuma bado kinawezekana.

Mdadisi: Hii chai. Paja vipande vipande, halafu mtu yuko nyumbani? Ukimgusa tu mtaa mzima ungeamka. Weka picha ya eksirei.

Kidato: Si chai. Kafungwa mbao, amelala. Anatoka jasho la baridi, tunadhani ni dawa.

Tibamfupa: Mdadisi, picha ya nini? Paja huweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila tone kuonekana nje. Jasho hilo ndilo linanitisha. Ita gari la wagonjwa sasa, msiunyooshe mguu, msimpe chakula wala maji.

Kidato: Baba anasema asubuhi.

Mdadisi: Basi kama ni kweli, usimsubiri baba.

Kidato: Nimeshapiga, wanakuja. Lakini wakimpokea, watakubali kufungua paja lote?

Tibamfupa: Utamuuliza daktari mkishafika.